Dakika Kumi Juu ya Mkeka

Viti vilikuwa sita, na sebule yetu ni ndogo. Nataka jambo hilo lieleweke tangu mwanzo, maana mtaa mzima bado unaniuliza kwa nini nilivitoa nje. Nilivitoa kwa sababu mtu mwenye urefu wangu hawezi kulala chali katika sebule ile bila kuingiza kichwa chini ya meza. Basi. Hakuna siri nyingine.

Kulala chali ndiyo kazi ya nyumbani niliyokuwa nimepewa. Mimi, mwalimu wa hesabu, niliyewatesa watoto wa wenzangu kwa kazi za nyumbani zaidi ya miaka ishirini, nilirudishwa kuwa mwanafunzi wa dada mmoja ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha mwenyewe. Kila Alhamisi alikuja kwenye ukumbi wa parokia, mtaa wa Ibanda, kutufundisha kupumua. Moyoni nilimwita Mwalimu wa Pumzi. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mbaya akikukasirisha unamtukana kimoyomoyo na unapata nafuu. Huyu alikuletea chai.

Nilikwenda kwake kwa ajili ya mkono wa kulia. Tangu mashua niliyopanda izame ziwani, mkono huu ulikuwa na tabia ya kujikunja wenyewe. Nikiwa ubaoni, katikati ya mlinganyo, vidole vinakaza, chaki inavunjika, bega linapanda hadi sikioni. Wanafunzi walizoea. Daktari alipiga picha ya mfupa, akasema mfupa ni mzima, akanitazama kwa huruma, na huruma ya daktari ni kitu kibaya kuliko sindano. Mke wangu ndiye aliyesikia habari za mafunzo ya parokiani. Alisema kule wanatibu kichwa na mwili pamoja. Nilimwambia kichwa changu hakina shida. Akanijibu, "Kama haina shida, basi tuvuke Jumapili tuende kwa mama." Alhamisi iliyofuata nikaenda.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mama yangu anaishi kisiwani, Idjwi. Ana zaidi ya miaka themanini, goti moja limekataa kazi, na hataki kusikia habari ya kuhamia mjini, ambako anasema watu wanapika mihogo bila kuiloweka vizuri. Kisiwa hakina daraja. Mashua ile ilizama nikitoka kumwona, alasiri moja ya upepo, mota imechoka na ndizi ni nyingi kupita watu. Nilielea kwa kushika bidoni la njano, dumu tupu la plastiki, hadi wavuvi walipotufikia. Wengine hawakufikiwa. Hiyo ndiyo habari niliyowapa wote, kuanzia mke wangu hadi paroko. Ni habari ya kweli, ila si yote.

Tangu siku hiyo sikuvuka tena. Miaka miwili. Kila Jumapili mama alipiga kwa simu ya dada yangu anayeishi naye, na kila Jumapili swali lilikuwa lile lile: "Utakuja lini? Ao unangoja nikufe njo uvuke?" Nilikuwa na majibu tayari: mitihani, barabara, hali ya usalama. Usalama ulinisaidia sana, maana katika mji wetu sababu hiyo haikosekani. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu na hesabu ile niliijua. Siku moja simu ingelia, na nisingeweza kwenda hata kumzika mzazi wangu. Nilikuwa naogopa hilo hata nilipokuwa nakula.

Mara moja nilijaribu ujanja. Nilipanda gari la kwenda kaskazini, nikapita Kavumu, nikafika kule ambako maji kati ya nchi kavu na kisiwa si mengi. Nilisimama ufukoni muda wa kuvuta sigara mbili, na mimi sivuti sigara. Kisha nikarudi. Njiani, Kavumu, nilinunua kabichi tatu, na nyumbani nilisema nilikuwa nimekwenda kununua kabichi. Mke wangu alizipika zote tatu.

Kwa hiyo, parokiani. Tulikuwa watu kumi na wawili na mwanaume nilikuwa peke yangu. Wale wamama walikuwa na mambo yao, mengine mazito kuliko yangu, na sitayasema hapa kwa sababu si yangu. Walinipokea kama wanavyompokea padri jikoni, kwa heshima na kicheko cha chini chini. Tulihesabu pumzi kwa Kifaransa. Tulijigonga vidole kifuani na chini ya macho. Tulisimama tukatikisa miguu, mikono, mashavu, mwalimu mzima natikisa mashavu, na maman mmoja mnene pembeni yangu akaninong'oneza, "Papa, na hizi mashavu yako kidogo hivi, unatikisa nini?" Nilicheka. Nakiri kwamba siku ile nililala vizuri.

Shida ilikuwa sehemu ya mwisho. Mwalimu wa Pumzi alikuwa na karatasi yake, sijui iliandikwa katika nchi gani, na karatasi ilitaka tufumbe macho tufike mahali pa amani.

"Muwaze muko kando ya maji," alisoma kwa sauti ya kubembeleza. "Maji inatulia. Inakuja, inarudi. Munasikia maji."

Nilifumbua macho. Dirisha la ukumbi linatazama ziwa. Lilikuwa pale pale, la buluu, limetulia kweli kweli, mnafiki mkubwa.

"Dada," nikasema, "hakuna fasi ingine?"

Akatazama karatasi, mbele na nyuma. "Papa, hapa inasema maji."

"Weka mlima. Milima tuko nayo mingi."

"Usipigane na mwili, papa. Mwili yako iko na kitu inajua. Iache iseme."

Alisema hivyo kwa upole mpaka nikataka kumrushia kiatu, ila viatu tulikuwa tumeviacha mlangoni. Mwili unajua! Kana kwamba mimi sijui. Mwili wangu na mimi tulijua jambo moja, siku moja, saa moja, na tulikubaliana kulinyamazia. Kila Alhamisi alijaza fomu yake. Baadaye nilichungulia kwenye mstari wangu: alikuwa ameandika kwamba ninaendelea vizuri.

Ndipo akatupa kazi ya nyumbani. Dakika kumi kila siku, chali, juu ya mkeka, sakafuni kabisa, maana kitanda kinadanganya mgongo. Ujifunike ili mwili usipate baridi. Simu isilie. Macho yafumbwe. Usitikisike hata pua ikiwasha. Wiki mbili nilijaribu na wiki mbili sikuvuka dakika ya tatu: maji yalikuja, mkono ukajikunja, nikasimama nikatukana. Jumamosi moja asubuhi, mke wangu akiwa sokoni, niliapa. Leo nitamaliza dakika zote kumi, liwe liwalo. Nilitoa viti vyote sita nikavipanga uani. Nilitandika mkeka katikati ya sebule. Nilizima simu. Nilivua soksi, nikalala, nikavuta shuka jeupe hadi kidevuni.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Viti vikiwa nje na mkeka ukiwa ndani, nyumba hiyo ina kilio. Mtoto wa miaka mitano anajua. Mimi nilijua pia, nimekaa katika vilio vingi, nimebeba viti vya wafiwa. Lakini siku ile nilikuwa nawaza mgongo.

Jirani yetu, maman mmoja mwenye moyo mzuri na sauti ya kengele, alikuja kurudisha chekeche. Aliona viti. Akakaza mwendo. Mlango ulikuwa wazi. Akaniona, miguu peku, shuka hadi kidevuni, macho yamefumbwa, sipumui sana kwa sababu nilikuwa nahesabu sita za kutoa pumzi.

"Yooo! Mwalimu ameenda! Batu ba Mungu, mukuje! Mwalimu ametuacha!"

Nilisikia. Nasema ukweli, nilisikia. Lakini nyuma ya ua wetu kuna nyumba ya maombi, na kila Jumamosi wanalia, wanaanguka, wanafukuza vitu. Nilisema moyoni, leo wameanza mapema. Na nilikuwa dakika ya saba! Sijawahi kufika dakika ya saba. Nikakaza macho.

Nilipomaliza dakika kumi niliketi, shuka likiwa bado mabegani, na mbele yangu mlangoni walikuwa wanawake watano na mzee mmoja wa jumuiya ameshika rozari. Wanawake wakatoka mbio. Mmoja aliacha kandambili zake, moja ndani, moja nje. Mzee hakukimbia, nadhani miguu ndiyo ilikataa.

"Niko muzima!" nikapiga kelele. Hiyo haikusaidia.

Ilichukua saa nzima kutuliza mtaa. Mke wangu alifika kutoka sokoni akikimbia, viatu mkononi, kilemba kimefunguka, maana kuna mtu aliyemwahi njiani na habari. Aliponikuta uani nakunywa maji alinizaba kofi, kisha akanikumbatia, kisha akanizaba lingine. "Banasema bwana yangu iko kwa mukeka," alikuwa anarudia, "nimekimbia na viatu mu mukono juu yako, weye uko nakunywa maji." Nilijaribu kumweleza habari za mgongo na kitanda.

Jirani alikuwa amekaa kwenye kimojawapo cha vile viti sita, anajipepea kwa chekeche. Halafu akasimama ghafla.

"Mwalimu," akasema. "Nimeshaita kaka yangu ya kule Idjwi. Nilimuambia aende haraka kwenu."

Nikakimbilia simu. Nilipoiwasha nikakuta dada yangu amepiga mara saba. Mtu aliyekufa hapokei simu. Walichokuwa wanakihofia kikathibitika. Nilipiga mimi, haikupita. Nilipiga tena na tena, nikazunguka ua, nikapanda hata kwenye jiwe la kufulia kutafuta mtandao. Mwishowe dada yangu akapatikana, analia, kisha anapiga kelele za furaha, kisha akasema neno lililonikalisha chini.

"Lakini mama ameshapanda bwato."

Peke yake. Na goti lile. Walimzuia, akawaambia mtoto wake hatazikwa na watu baki. Juu ya maji hakukuwa na mtandao wala mtu wa kumwambia. Kwa saa nyingine mbili mama yangu angeendelea kuamini kwamba nimekufa, na hakuna ambacho ningeweza kufanya isipokuwa kwenda bandarini.

"Mimi siende," mke wangu alisema. "Ule ni maman wako. Akuone weye wa kwanza."

Sikuwa nimeikaribia bandari ile tangu siku ya wavuvi. Kwenda kazini nilikuwa nazungukia njia ya juu ili nisiione. Nilisimama kwenye lango, mkono umekunjwa kifuani kama wa mtu aliyevunjika, nikajaribu pumzi nne za Kifaransa, zikanishinda. Harufu ya mafuta ya mota na sambaza, visamaki vya ziwa letu, waliokauka ilinitosha. Nilikasirika. Nilimkasirikia jirani, karatasi ya maji, mzee wa rozari, na zaidi ya wote yule mjinga aliyekuwa anajivunia dakika ya saba.

Mashua ilifika. Mama alishushwa na wabeba mizigo wawili, mmoja kila upande. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni kama afanyavyo mfiwa, na kifuani amekumbatia kifurushi cha plastiki. Hakuwa analia. Alikuwa anatafuta kwa macho mtu wa kumpeleka kwangu. Akanipita kwa macho, akarudi.

"Njo weye?"

"Njo mimi, mama."

"Haukukufa."

"Sikukufa."

Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka wale wabeba mizigo wakaanza kutazamana. Kisha akaninyooshea kile kifurushi kifuani, kwa nguvu, kama anayenipiga nacho.

"Mimi nimevuka juu ya kuzika maiti yako," akasema. "Weye, juu ya kuona mama yako muzima, miaka mbili haukuvuka."

Nilifungua plastiki ile kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono. Ndani mlikuwa na shuka jeupe jipya, linalonuka nafitalini. Nililijua. Ni shuka ambalo mama amelitunza chini kabisa ya sanduku lake tangu baba alipofariki. Ni la kuzikiwa yeye. Alikuwa amelitoa anipe mimi. Nililia pale pale, mbele ya magunia ya makaa na watu, wala hakuna aliyeniambia nilegeze mabega.

Alikaa kwetu siku nne. Viti vilikuwa vimerudi ndani na alikalia kile cha karibu na mlango, akipokea majirani waliokuja kumpa pole na kumpa hongera kwa pamoja. Nilipotandika mkeka uani ili nifanye mazoezi yangu, alinitazama mwanzo hadi mwisho.

"Kwetu mutu analala hivi mara moja tu," akasema.

Siku ya tano alitangaza kwamba anarudi, na kwamba nitamrudisha mimi. Nikasema mke wangu atamsindikiza. Akasema hapana: shuka la maziko likitoka sandukuni kwa ajili ya mtu, halirudishwi na mwingine ila mtu yule yule kwa mikono yake. Nimeuliza wazee wa kwetu. Hakuna desturi kama hiyo. Aliitunga pale pale akinywa chai.

Nilipanda. Sitasema nilipandaje, maana mke wangu alinisukuma. Nilivaa jileti moja ya kuelea na nikataka ya pili, mwenye mashua akakataa. Mama aliketi upande wangu wa kulia, na mota ilipoanza, mashua ikayumba kidogo, akafanya ambacho mzee yeyote angefanya. Alishika mkono wa koti langu.

Pale pale. Juu kidogo ya kiwiko, vidole vyote vitano.

Mkono ukajikunja, bega likapanda, na nikasikia ule uzito tena. Nilitaka kujinasua. Nilisikia kabisa mwili wangu unavyoanza kujinasua kutoka kwa mama yangu mzazi, na hapo nikaona bora niseme.

"Mama, usinishike hapo. Kuna mwanamke alinishika hapo hapo."

Akanigeukia. Nikamwambia yale niliyokuwa sijamwambia mtu. Kwamba yule mwanamke alikuwa amekaa ubavuni mwangu siku ile na tulizungumza habari za mvua. Kwamba majini alinishika mkono wa koti, na mimi nilikuwa na bidoni, na bidoni lilianza kuzama. Kwamba nilivua koti. Nilitoa mkono mmoja, nikahamishia bidoni mkono ulio huru, nikatoa wa pili, kwa utaratibu, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Na koti likaenda naye.

Nilingoja aseme si kosa langu. Karatasi ya Mwalimu wa Pumzi ingesema hivyo, nina hakika, kungekuwa na mstari wake.

"Alikuwa nani?" akauliza.

"Simujue."

"Haukuuliza?"

"Hapana."

"Utauliza. Iko na batu yake."

Basi, ndivyo alivyonifariji. Nilikasirika mno, nikageuza uso. Lakini hakuachia mkono. Tulikuwa tumeshaacha rasi za mji nyuma, upepo umeanza, maji yanaturukia usoni, na vidole vyake vyembamba vilikuwa pale pale juu ya kiwiko.

"Sikia," akasema baadaye, akiinama ili nimsikie juu ya mota. "Ikizama, uvue. Mimi nakuruhusu. Nimeshazeeka."

Nilichukua ule mkono wake nikaukandamiza kwenye koti kwa kiganja changu cha kushoto, usitoke. Sikufumba macho hata mara moja. Nilitapika mara mbili, upande wa upepo mara ya kwanza, kosa ambalo mvuvi mmoja alinieleza kwa maneno makali. Sikutulia, sikuhesabu pumzi, na mtu asiniambie kwamba ziwa lilikuwa zuri.

Kisiwani walikuwa wametujia ufukoni. Wengine habari ya kwanza iliwafikia, ya pili haikuwafikia, na kulikuwa na wanawake waliojifunga viuno tayari kulia. Nilishuka hadi magotini majini, nikamshusha mama, kisha nikageuka kuchukua shuka. Nililibeba kwa mkono wa kulia. Ulikuwa umejikunja, ila ulishika.

Mmoja wa wale wanawake alifungua mdomo kuanza. Mama akamnyooshea kidole.

"Funga mudomo. Maiti njo hii. Imekuja yenyewe, imerudisha na shuka yangu."